Kopo la mtindi: nilisuze kwa maji ya kununua, au nilitie guniani hivi hivi?

Mama Nuru wa Tudor

Assalamu alaykum, na wengine hamjambo.

Nina swali ambalo naona haya kuliuliza kwa mdomo, kwa hivyo naliandika. Msinicheke.

Twakaa Tudor, hapa Mombasa, jumba la ghorofa nne, nyumba nane. Miaka yote taka tulikuwa twazitia kwenye pipa moja la bluu chini ya ngazi, na vijana wa mkokoteni wakija Jumanne na Jumamosi kuzizoa. Kila nyumba yatoa shilingi 300 kwa mwezi. Mweka hazina ni mimi, maana yake mimi ndiye ninayegombana na watu. Sasa jana Jumamosi jioni yule mkubwa wao alikuja na daftari akaniambia, "Mama, kuanzia tarehe moja twataka magunia mawili mlangoni. La majimaji na la kavu. Zikichanganywa twaziacha." Kisha huyo, akaenda zake. Nami nilikuwa na karai la mafuta motoni (mimi huuza viazi jioni), sikupata hata kumuuliza kavu ni lipi.

Nikadhani ni kazi ya dakika mbili. Nikalimwaga pipa la jikoni kwenye sinia kuukuu, nikakaa kwenye kibago, nikaanza. Wee! Kifuu cha nazi ni kikavu kama mfupa, lakini si kimetoka kwenye chakula? Pakiti ya unga ni karatasi, ndani yangali na vumbi la unga. Boksi la maziwa nje karatasi, ndani lang'aa kama fedha. Gazeti nililofungia viazi limekuwa mafuta matupu. Pakiti ya krisps, kitumbua kilichofanya ukungu, ndara ya Nuru iliyokatika ukanda, majani ya chai, tubu ya dawa ya meno. Saa nzima niko na sinia, mavyaa wangu ananitazama kutoka kitandani kama anayetazama mtu aliyepandwa na jini.

Lakini kilichonishinda kabisa ni kopo la mtindi. Nimesikia kwamba plastiki lazima iwe safi. Sawa. Hapa kwetu maji ya mfereji hutoka siku mbili kwa wiki, yakipenda. Siku nyingine nanunua mtungi wa lita 20 kwa shilingi 30. Nikisuza makopo, chupa za maziwa na chupa za mafuta za wiki nzima, nusu ya mtungi imekwenda. Yaani ninunue maji nikaoshee taka? Marehemu mume wangu angalicheka mpaka akaanguka kitini.

Jambo la pili si la kucheka. Huyo mavyaa ana sukari, hudungwa insulini asubuhi na jioni. Sindano tulikuwa twazizungushia karatasi ya chooni na kuzitia piponi. Jana hiyo hiyo asubuhi, kabla ya hayo ya daftari, kijana mdogo wao, hata miaka ishirini sidhani kama amefika, alishindilia gunia kwa mkono akapiga ukelele. Sindano yetu. Najua ni yetu kwa sababu jumba zima hakuna mwengine. Nilimwosha mkono, nikampa nauli aende hospitali. Naamini hata haya magunia mawili yametokana na hilo, ila kwa adabu zao hawakusema.

Basi nisaidieni, hasa nyinyi mnaofanya hivi tayari. Nini kinaoshwa na nini hakioshwi? Na sindano niziweke wapi?

---

Yakhe wa Kibokoni

Bi mkubwa, usijitese. Mimi nilichambua taka mwaka mzima, karatasi huku, chupa kule, mke wangu akiniita profesa. Siku moja nikaona kwa mato yangu lori linakuja, kijana achukua magunia yote mawili, ayarusha nyuma pamoja, chuma chashuka chayaponda. Karatasi zangu na mchuzi wa jirani vyaenda jaani Mwakirunge vimekumbatiana.

Wakumbuka jaa la Kibarani? Ukipita pale na matatu ilikuwa kila mtu aziba pua, moshi wafuka mchana na usiku kando ya bahari. Wakalifunga mwaka 2018, leo pamepandwa miti. Vizuri, sikatai. Lakini jaa limehama, taka hazikupungua. Tia zote pamoja ulale.

---

Mama Nuru wa Tudor

Yakhe, hao wangu hawana lori, wana mkokoteni wa magurudumu mawili na kamba. Hawana chuma cha kuponda. Na aliyedungwa si jaa, ni mtoto wa watu. Ngoja tuwasikie wengine.

---

Mzoaji wa Kisauni

Shikamoo Mama Nuru. Mimi si yule wenu wa Tudor, niko Kisauni, lakini kazi ni moja. Naifanya tangu 2019. Nitaeleza kirefu kidogo kwa sababu watu hutulipa miaka bila kujua gunia laenda wapi.

Zile shilingi 300 zinalipa mkokoteni na jasho. Faida yetu imo ndani ya gunia kavu. Tukifika bandani twalimwaga juu ya turubai na kulichambua tena: chupa, plastiki ngumu, katoni, mabati, vioo. Kila kimoja kina mnunuzi wake na mizani yake. Ndiyo maana twaomba lisiguswe na mchuzi. Katoni ikilowa haina thamani, mnunuzi aikataa au akukatia kilo kwa sababu anajua ananunua maji. Kikombe kimoja cha majani ya chai kikimwagika guniani kimeharibu magazeti ya wiki. Wakati wa masika ndiyo usiseme, hata mvua yatuibia.

Sasa maji. Mama, usinunue maji ya kuoshea taka, nakuomba. Chupa haihitaji kung'aa. Twataka isinuke na isidondoke. Chupa ya maji ya kunywa na ya soda usiisuze kabisa, imwage tu iishe. Kopo la mtindi na chupa ya maziwa ndizo zenye shida, kwa sababu na joto letu hili siku ya tatu zina funza, na gunia lakaa kwako mpaka Jumamosi. Hizo zisuze kwa maji yale ya mwisho ya vyombo, yale uliyokuwa unakwenda kuyamwaga. Tia vijiko viwili, funga, tikisa, mwaga, upindue kichwa chini. Imekwisha. Chupa ya mafuta ya kupikia maji hayaiwezi hata ukinunua lori zima. Iinamishe usiku kucha juu ya kopo, kesho ifunge kifuniko, uitie kwenye mfuko wake peke yake. Mafuta yaliyodondoka yarudi karaini kwako.

Chupa zote zikanyage kabla ya kufunga kifuniko. Chupa za nusu lita huingia hamsini, pengine hata themanini, katika kilo moja, kwa hivyo usipozikanyaga mkokoteni wabeba hewa. Vifuniko tutavitoa sisi. Plastiki yake ni nyingine: ukitupa kifuniko ndani ya ndoo ya maji chaelea, kipande cha chupa chazama. Hivyo ndivyo tunavyozitenganisha zikishakatwakatwa. Namba iliyopigwa chini ya chombo ndiyo aina ya plastiki yake: namba 1 ndiyo hiyo ya maji na soda, na ile isiyo na rangi huuzwa vizuri kuliko ya kijani au ya kahawia. Namba 2 ni mitungi, chupa za dawa ya kufulia na za shampuu. Namba 5 ni makopo ya mtindi, mabeseni, viti vilivyovunjika. Namba 3 na 6 kwangu mimi hazina mnunuzi, zikiwemo zile sahani nyeupe nyepesi za chakula cha kubeba.

Vitu vyako kwa jumla: pakiti ya unga ikung'ute, ni karatasi, kavu. Gazeti la viazi ni majimaji, limekwisha kuwa chakula. Boksi la maziwa lina tabaka la karatasi, la plastiki na la aluminiamu yameganda pamoja. Kuna viwanda duniani vya kuyaachanisha, lakini mimi sina wa kumuuzia. Pakiti ya krisps hivyo hivyo, na tubu ya dawa ya meno. Hizo zikusanye kando, zaenda jaani tu, sitakudanganya. Na ile mifuko laini kama kitambaa tuliyoanza kubebea sokoni baada ya ile ya plastiki kupigwa marufuku Agosti 2017, watu wanatuletea kwenye nguo kuukuu. Si nguo. Ni plastiki ile ile ya namba 5, nyuzi zake zimegandishwa kwa moto. Itumie mpaka ichanike.

Ndara, mama... Tangu ile dau ya Flipflopi iundwe Lamu kwa plastiki na ndara zilizookotwa ufuoni, ikasafiri mpaka Unguja mwaka 2019, watu wananijia na mifuko ya ndara kama nina gati ya kuundia vyombo. Sinazo kazi. Mpelekee fundi atie ukanda mpya.

Chupa ya kioo usiivunje. Mtungi wa jemu wenye kifuniko huuzwa siku hiyo hiyo kwa wauza achari na asali, hauhitaji hata kiwanda. Ikivunjika, vigae vitie ndani ya boksi la katoni, lifunge, na utuambie kwa mdomo: hapa pana vigae. Usituandikie, wengine wetu hatusomi haraka na kuna giza.

La sindano nimeliacha mwisho kwa sababu mimi pia nilidungwa, 2021, kidole gumba. Kwanza nataka kujua: yule kijana alifika hospitali kweli, au ile nauli alinunulia chakula? Dawa ya kumkinga na virusi vya ukimwi inataka ianze mapema, saa zile zile, na isipite saa 72. Humezwa siku 28. Aulizie na chanjo ya hepataitisi B. Usimuulize mbele ya wenzake, atakwambia alikwenda.

Na kwako: chukua chupa ngumu ya dawa ya kufulia, ile nzito isiyotoboka, itie sindano mara tu baada ya kudunga, bila kuivunja wala kuirudishia kifuniko chake kwa mikono miwili, maana hapo ndipo watu hujidunga wenyewe. Ikifika robo tatu funga, zungusha gundi ya karatasi, na uirudishe pale mavyaa anapochukulia insulini. Guniani kwetu isije. Si la kavu wala la majimaji.

Yakhe wa Kibokoni, ulichoona ni kweli, nami nimekiona. Ila usimalize kwamba ndivyo kila mahali. Muulize anayekuzolea akupeleke bandani kwake ukaone. Asiyekuwa na banda hauzi kitu, huyo mchanganyie upendavyo. Na kisheria tumeshatoka kwenye hiari: Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 yataka kila mtu atenganishe taka pale zinapozaliwa, na kaunti ziwe na vituo vya kuzichambulia. Sheria ina mwendo wake. Mkokoteni una wake.

---

Mtwapa mpaka Bremen

Mimi mtoto wa Mtwapa, niko Ujerumani mwaka wa kumi na moja sasa, na kitu cha kwanza kilichoniliza huku si baridi. Ni mapipa.

Niliolewa nikaletwa, siku ya tatu mavyaa akanishika mkono akanipeleka uani kunionyesha. Kahawia ya maganda na vyakula, bluu ya karatasi, mfuko wa manjano wa vifungashio, nyeusi ya yaliyobaki. Vioo havimo, hivyo utavipeleka mwenyewe kwenye makontena barabarani, vyeupe, vya kahawia na vya kijani kila kimoja na tundu lake, na Jumapili usitupe kwa sababu kishindo chasumbua watu. Kila pipa na siku yake, na kalenda yake imebandikwa kwenye friji. Nilitia kifuko cha chai ndani ya mfuko wa manjano, akakitoa kwa vidole viwili akanionyesha kimya kimya. Kimya kile, Mama Nuru, afadhali angalinitukana.

Lakini kwa swali lako hasa: hawaoshi! Nilidhani watu hawa watakuwa wanasuza kila kopo kwa sabuni. Wana neno lao, *löffelrein*, yaani safi kwa kijiko. Ukishakwangua kwa kijiko mpaka hakuna cha kukwangua, yatosha. Kiwandani wana mashine zao za kuosha. Wasichotaka ni kopo lenye mtindi nusu, na kifuniko cha foili kiwe kimebanduliwa, kwa sababu ni kitu tofauti na kopo.

Ila Mzoaji amesema kweli kuliko Wajerumani, nakiri. Huku wakati wa baridi kopo lililokwanguliwa hukaa wiki mbili barazani na halinuki, kwa sababu nje ni nyuzi joto tano. Likae wiki mbili Tudor mwezi wa Machi uone. Kijiko kwanza, halafu maji ya vyombo.

Kitu kimoja ninachotamani kingefika kwetu: chupa nyingi za plastiki za maji na soda huku unaweka rehani ya senti 25 za yuro unaponunua, na ukiirudisha dukani mashine inaimeza na kukupa risiti ya pesa zako. Hakuna chupa utakayoiona mtaroni. Nasi tulikuwa na hili, si geni! Soda ya chupa ya kioo si ulikuwa hupewi mpaka utoe chupa tupu? Nilipigwa na mama yangu kwa kuvunja chupa ya soda iliyokuwa ya duka. Tulikuwa mbele, tukarudi nyuma ilipokuja plastiki.

---

Nana wa Mji wa Kale

Wajukuu zangu, mwasema kifuu ni kavu au majimaji? Kifuu ni moto. Kitie jikoni chini ya makaa, chawaka kuliko kuni. Au kipasue vizuri utoe upawa. Mimi nina upawa ulionichotea mchuzi tangu mtoto wangu wa kwanza, na huyo sasa ana mvi.

Zamani nyumba yetu taka zake za jikoni hazikuwa zajaza hata kikapu. Chicha la nazi lapewa kuku. Kumbi lasugulia sufuria, na lililozidi walikuja kulichukua wasokota kamba. Maganda ya ndizi na ya muhogo kwa mbuzi. Majani ya chai kwenye shina la mrehani. Kilichobaki ni mifupa ya samaki, na paka wamekaa kwenye baraza wangoja zamu yao. Hatukuita kuchambua, tulikuwa maskini tu.

Sasa kuku hamna, mko ghorofani, nafahamu. Basi Mama Nuru sikiza ya mtu mzima: gunia la majimaji lisiwe gunia. Gunia lavuja ngazini, mtu atateleza na mzigo. Tia ndoo yenye kifuniko cha kubana. Chini tandika gazeti, na kila ukitia matumbo ya samaki nyunyiza jivu au unga wa mbao wa seremala juu yake. Harufu yakatika, na nzi hawatagi.

Na taka usizitoe nje usiku! Kunguru hawa weusi wenye shingo ya kijivu huamka kabla ya muadhini. Wamenipasulia mfuko mara mia. Siku moja walitoa kichwa cha changu wakakipeleka juu ya gari la mgeni, jeupe, la kukodi. Toa asubuhi ukisikia mkokoteni.

---

Fundi Friji Changamwe

Kwa ufupi tu kwa sababu niko kazini. Mmesahau betri. Betri ya simu iliyofura au pawabenki iliyokufa usitie kwenye gunia lolote, ikibanwa ikatoboka yawaka yenyewe, na gunia kavu ni karatasi na plastiki. Nimezima moto wa namna hiyo kwenye karakana yangu kwa mchanga. Zitie kwenye kopo la bati lenye mchanga, umpelekee fundi wa simu. Zile taa za kuokoa umeme zenye mrija uliojisokota zina zebaki ndani, usizivunje; ikivunjika fungua madirisha, toa watoto, usifagie kwa ufagio ukarusha vumbi, okota kwa karatasi ngumu. Friji kuukuu nipigieni kabla hamjamuuzia mtu wa vyuma, akikata bomba gesi yote yatoka hewani.

---

Mama Nuru wa Tudor

Nimerudi, siku kumi zimepita. Nilisema nitawaeleza ilivyokwenda.

Mzoaji, Mwenyezi Mungu akuweke. Niliposoma yale maneno ya nauli nilivaa buibui saa ile ile nikaenda kumtafuta yule kijana, wenzake wakanielekeza kwao. Hakuwa amekwenda. Nauli alimpa dadake ya daftari za shule. Lakini nilikuwa nimesoma siku ile ile uliyoandika, na hesabu ya saa ilikuwa haijafika 72. Tulifika hospitali saa ya 60 na kidogo, mimi na yeye tumekaa kwenye benchi hatuna la kusema. Wakampima, wakampa dawa. Azimeza kila jioni baada ya magharibi, na mimi humpigia simu kumkumbusha, kwanza aliona haya, sasa huipokea kabla haijalia mara mbili. Zimebaki siku kumi na tisa.

Chupa ya sindano tumeipata, ya dawa ya kufulia, nyeupe. Mavyaa ameipa jina: benki. "Niletee benki yangu," asema, adunga, atia, asikiliza inavyogonga chini. Ya kwanza ikijaa nitaipeleka kliniki anakochukulia insulini, nimeshauliza, wamesema niilete.

Maji nimeyapima, kwa sababu mimi mtu wa hesabu. Baada ya vyombo vya usiku nayaacha maji ya mwisho kwenye beseni. Makopo na chupa za maziwa za siku nzima hazikunywa hata kikombe kimoja na nusu, na yote yalikuwa maji ya kumwagwa. Sikununua tone. Dada wa Bremen, kijiko chako nimekitumia, Nuru sasa alamba kopo mpaka namuonea haya, lakini safi!

Ndoo yenye kifuniko kwa kila ghorofa, nne, nimezitoa kwenye hazina. Gunia kavu ni la mchele la kilo 25, limetundikwa kwenye msumari ukutani ili mbuzi wa mtaa wasilifikie. Mbuzi hao, Nana, hawali maganda siku hizi, wapenda katoni. Jumamosi ya kwanza kijana mkubwa alilifungua mbele yangu, akaingiza mkono mpaka kwapani, akatoa mfupa wa kuku na wali wa pilau. Nyumba ya sita. Kijana mmoja anaishi peke yake, hula nje kisha huleta mabaki. Nilimrudishia mfupa wake mlangoni, nikaugonga mlango, nikampa juu ya sahani. Hajasema nami mpaka leo, lakini Jumanne gunia lilikuwa safi. Nikawanunulia vijana glavu nzito jozi tatu, na nyumba hiyo hiyo ya sita ndiyo iliyouliza kwenye kikundi chetu cha simu ni nani aliyeidhinisha.

Yakhe, nilikwenda bandani kwao. Ni uwanja mdogo nyuma ya karakana, umezungushiwa mabati, na nilizikuta chupa zetu. Nazijua ni zetu kwa ile ya mafuta niliyoiandika kwa wino "Mama Nuru, bado ina kidogo".

Limebaki moja. Ghorofa ya tatu wamejaliwa mapacha, miezi minne. Pampas kama ishirini kwa siku. Si kavu, na kwenye ndoo ya majimaji hazienei. Hizo vipi?

---

Mzoaji wa Kisauni

Nimefurahi kuhusu huyo ndugu yetu, asisahau hata siku moja.

Pampas ni mfuko wa tatu, mama. Ndani ni plastiki na unga unaonyonya maji, haziozi wala haziuziki. Kinyesi chenyewe wakimwage chooni kwanza, kisha waikunje na kuifunga kwa gundi zake zile zile ziwe kama kitumbua, ndani ya mfuko wao, waufunge mdomo. Nao waongeze kidogo kwa uzito, kwa sababu mfuko wa pampas za wiki ya mapacha nimewahi kuubeba na najua ulivyo.

Uwape hongera.